Mwanangu, usimfuge mbwa peke yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma hapa kwenye duka langu la dawa za mifugo wateja wakiningoja, kisha jioni nikamsomea baba yako kwa sauti. Unasema mbwa wa jirani yenu hapo Maseno amezaa, watoto sasa wana wiki tano, na yule mwenye miguu ya mbele myeupe umeahidiwa bure atakapoacha kunyonya. Unasema tangu mwenzako wa chumba ahamie Kisumu mjini, usiku umekuwa mrefu na kila kishindo cha geti kinakushtua. Halafu unauliza: mtu anayesoma chuo siku nzima anaweza kufuga mbwa bila masomo kuharibika na bila mbwa kuteseka?

Anaweza, ila si akiwa peke yake. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe kabla ya mengine yote.

Wewe umekua na mbwa, ndiyo maana jambo hili unaliona jepesi. Lakini kumbuka Simba wetu hapa Njoro anaishije. Asubuhi nikifungua mlango wa jikoni, yupo. Nikienda dukani, nyanya yako anabaki barazani akichambua mboga, na Simba amelala karibu na miguu yake. Baba yako akitoka shambani anamjazia maji kwenye sufuria. Mdogo wako akirudi shuleni, wanakimbizana hadi giza linaingia. Hakuna hata mmoja wetu anayeacha kazi yake kwa ajili ya Simba, na bado Simba hapitishi nusu siku bila kuona mtu. Anafugwa na boma zima. Wewe unataka kufanya peke yako kazi tunayogawana watu wanne, tena ndani ya bedsita, na ratiba ya mwaka wa pili imekukaba shingoni.

Chukua hiyo Jumanne yako uliyonieleza. Lekcha saa moja asubuhi, maabara mchana hadi saa kumi, maktaba mpaka jua lizame. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kubana mkojo zaidi ya saa mbili au tatu. Anakula mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, kwa sababu tumbo lake ni dogo. Ukimfungia ndani kutwa nzima utarudi ukute amekojoa, amekanyaga mkojo, ametafuna waya wa chaja, na amelia hadi sauti imekauka. Jirani anayejiandaa kwa mtihani atalalamika, na keretaka, msimamizi wa ploti, atafuata. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba tabia ya mbwa hujengeka mapema mno. Kuanzia wiki ya tatu hadi karibu wiki ya kumi na nne ndipo anapojifunza kwamba watu wageni, watoto, pikipiki na mbwa wenzake si wa kuogopwa. Anayepitisha muda huo akitazama ukuta hukua mwoga, na mbwa mwoga ni mwepesi wa kuuma.

Sasa angalia kalenda. Huyo mdogo atakuwa tayari kuachana na mama yake akifikisha wiki nane, si kabla. Kutoka hapo hadi wiki ya kumi na sita ndicho kipindi kinachodai mtu kuliko vyote, na kwako kitaanza wakati wa mitihani ya katikati ya semista na kumalizikia kwenye mitihani ya mwisho. Katika mwaka wako mzima hakuna wiki mbaya kuliko hizo.

Nikueleze pia ninayoyaona kwenye kaunta. Muhula uliopita alikuja dukani kijana mwanafunzi na kijibwa ndani ya begi la mgongoni. Alidhani ni minyoo, akataka kidonge. Nilipofungua zipu, harufu ilinitosha. Kinyesi chenye damu cha parvo, ugonjwa unaoua watoto wa mbwa, kina uvundo wake, ukiunusa mara moja huusahau. Fizi za yule mdogo zilikuwa zimepauka. Nikavuta ngozi ya shingo juu kwa vidole viwili, ikabaki imesimama, hairudi, maana maji yalikuwa yamemwishia mwilini. Nikampigia daktari wa mifugo, akaja akamwekea maji kwenye mshipa na kutoa maagizo ya usiku: chupa iangaliwe, mwili uwekwe na joto, matapishi yafutwe asije akayavuta kwenye pumzi. Yule kijana alisikiliza yote, kisha akauliza, “Sasa kesho atakaa na nani? Nina mtihani.” Hakuwa mvivu wala hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mmoja tu. Kijibwa hakufika Ijumaa.

Parvo ni kirusi na hakuna kidonge cha kukiua. Daktari humtegemeza mbwa kwa maji na kumzuia asitapike, mwili nao ukipigana. Kinga yake ni chanjo, na chanjo hiyo si sindano moja. Huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki kumi na sita. Wateja hudhani narudiarudia ili niuze. Sababu ni kwamba kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama bado imo mwilini na huizuia chanjo isishike. Inapungua polepole, kila mtoto kwa kasi yake, kwa hiyo tunarudia hadi tuwe na hakika kwamba mojawapo imeshika. Mpaka hapo, asikanyage chini stendi, sokoni wala mahali popote mbwa wengine wanapopita, kwa sababu kirusi hicho hudumu kwenye udongo miezi mingi. Na kumbuka asiachwe bila kuona dunia pia, kwa hiyo ni lazima abebwe mikononi apelekwe akaone watu. Mikono hiyo itoke wapi, nawe uko maabara?

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni tofauti na hiyo. Anaipata akiwa na miezi mitatu, anarudia baada ya mwaka, kisha kila mwaka. Hapo sina mjadala na wewe wala na mtu yeyote. Ugonjwa huo dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mtu hufa. Nchi yetu ya Kenya ina mpango wa kukomesha vifo vyake kufikia 2030, na hesabu inayotumika ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka baada ya mwaka. Kaunti ya Kisumu unayoishi ni miongoni mwa zile mpango ulizoanzia, na Siaya mnayopakana nayo vilevile. Ukisikia kipaza sauti kikitangaza chanjo ya mbwa sokoni Maseno au Luanda, waambie majirani wote. Na ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote usiyejua habari zake, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama mbwa ataugua.

Chakula hakinitii wasiwasi sana, kwa kuwa uko karibu na ziwa. Ugali mtupu haumtoshi mbwa anayekua. Omena iliyochemshwa inampa nyama na mifupa laini kwa pamoja. Ioshe kwanza hadi maji yatoke bila mchanga, maana mara nyingi huanikwa chini. Usimpe mboga zako za jana zilizokaangwa kwa vitunguu, kwa sababu kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha vya kumtoboa matumbo. Chokoleti asiionje.

Kuhusu pesa, sitaandika mengi. Usipange gharama za mbwa ukitegemea mkopo wa masomo, kwa kuwa mkopo ukichelewa, wewe unaweza kushindia chai, lakini yeye hawezi kuelewa kwa nini sahani haina kitu. Dawa za minyoo na za kupe nitatoa dukani mwenyewe.

Umesema pia unataka ulinzi. Huyo mdogo wa miguu myeupe hatakulinda mwaka huu. Kwa muda mrefu ni wewe utakayemlinda yeye. Kama wasiwasi ni geti, zungumza na mwenye ploti kuhusu taa ya uani na komeo la ndani wiki hii, na asipofanya lolote mwambie baba yako ampigie.

Lakini nadhani geti si jambo lenyewe. Nilisoma ile sentensi yako ya usiku mrefu nikaweka simu chini kwa muda. Upweke wa chuoni ni kitu cha kweli, mwanangu, na sitaki uone kama nimeupita nikikimbilia chanjo. Najua mbwa anaweza kukutoa kitandani asubuhi ambayo hutaki kuamka, na kukutembeza jioni wakati ungejifungia na simu. Nayaamini hayo, nami naona Simba anavyomfanyia nyanya yako tangu babu yako atutoke. Ndiyo maana sisemi hapana.

Ninachotaka ni utafute kwanza mtu wa pili. Awe mwenzako mpya wa chumba anayependa mbwa kweli, si wa kusema “sawa tu” ili apate chumba. Au yule mama wa kibanda cha chapati hapo getini, ambaye yuko pale kutwa, mkubaliane waziwazi utamlipa nini. Au mwanafunzi mwenzako ambaye ratiba yake ina nafasi pale yako ilipojaa. Kaeni chini muandike: nani anamtoa saa nne asubuhi, nani anampa chakula cha mchana, nani anabaki naye ukienda atachimenti, yale mafunzo ya kazini, nani anampeleka kwa daktari siku ya mtihani. Pata pia ruhusa ya mwenye ploti kwa maandishi, kwa sababu keretaka wa leo anaweza kuondoka na neno lake. Na huyo mtu wa pili atakupunguzia upweke hata kabla ya mbwa kufika.

Huku ukimtafuta, tuna njia ambayo baba yako ndiye aliyeitoa. Yeye hushuka Kisumu mara kwa mara kuchukua omena ya chakula cha kuku. Kijibwa akifikisha wiki nane na akishapata chanjo ya kwanza, atapita Maseno amchukue kwenye pikapu, ndani ya katoni safi, bila kugusa stendi. Atakulia hapa bomani miezi yake migumu, nyanya yako barazani na Simba akimfundisha heshima. Ukifunga chuo utakuja ukae naye likizo yote, umtunze wewe, usiku na mchana, sisi tukae pembeni. Mbwa wa miezi saba au minane aliyezoea watu, aliyemaliza chanjo na anayejua kwenda nje kujisaidia, huyo anaweza kurudi nawe Maseno kama mtu wa pili yupo. Kama hayupo, anabaki hapa na bado ni wako. Kama ni jike, tutamfunga kizazi kabla hajaanza kupata joto la kutaka dume, na atapona kidonda akiwa nyumbani.

Wakati huo mama yake yupo hapo uani kwa jirani. Umesema amekonda kwa kunyonyesha. Mwombe mwenyewe ruhusa umpelekee omena jioni, na watoto wakishaachishwa umtembeze ukitoka maktaba. Ni mbwa mzima, anajua njia zote za hapo, na hatakudai chochote siku unayofanya mtihani.

Fikiria pia kwamba digrii yako ni miaka minne, na mbwa anayetunzwa vizuri huishi miaka kumi na zaidi. Atakuwepo ukitafuta kazi, ukihama mji, pengine ukiolewa. Chuo kikifungwa, huku kwetu huonekana mbwa wenye mkanda shingoni wakizunguka vibanda vya chakula. Walikuwa na mtu, naye amepanda matatu akaenda. Sitaki wako awe mmoja wao, na najua nawe hutaki.

Muulize jirani watoto walizaliwa tarehe gani hasa, kama wameshapewa dawa ya minyoo, na mama yao alichanjwa lini mara ya mwisho. Kama ana kadi ya chanjo, ipige picha unitumie kabla ya Ijumaa, maana daktari wa mifugo hupita dukani siku hiyo na nataka kumwonyesha. Nyanya yako anauliza kama ni dume au jike, hukusema.

Mama yako