Kabla hujakompaili keneli ili deskitopu iwe nyepesi

Madogo nawapenda ila mnanichosha. Juzi tena mmoja wenu kaja na laptop yake, kakesha anakompaili (anajenga upya kutoka kodi chanzo) keneli ya Linux, kile kiini kinachogawa CPU, kumbukumbu na diski, kaweka CONFIG_HZ=1000 (saa ya keneli igonge mara elfu kwa sekunde) na CONFIG_PREEMPT (kazi ikatizwe hata ikiwa ndani ya keneli), macho mekundu, "bro sasa hivi inapaa". Nikamuuliza umepima na nini? Akashika dirisha la terminal akaanza kuliburuta kulia kushoto kama anapiga deki. Hicho ndo kipimo. Na mashine yenyewe RAM 4GB, HDD, Chrome ina tabu (tabs) hazihesabiki. Basi naandika mara moja, msome, tupumzike.

1. Skejula mnaisingizia. Kazi yake ni kuamua nani apate CPU kati ya wanaoigombania, basi. Ukiona top (amri ya kuona mashine inafanya nini) inasema CPU imelala, wa (muda wa kusubiri diski) iko juu na mausi imeganda, hapo hakuna foleni ya CPU, kuna prosesi (programu inayokimbia) iko state D, yaani inasubiri diski, na hiyo hata uipe HZ elfu kumi haina cha kufanya. Najua skejula ina hadithi tamu, na mimi ndo zilizonivuta. Con Kolivas, daktari wa ganzi kule Australia, alikuwa anaandika pachi (viraka vya kubadilisha keneli) zake za -ck kwa sababu aliona wakubwa wanawaza seva tu na mtu wa deskitopu kasahaulika, 2007 skejula yake ikaachwa ikaingia CFS, skejula ya Ingo Molnar, kwenye keneli 2.6.23, jamaa akasusa, 2009 akarudi na skejula nyingine, BFS (kirefu chake msimwambie mama). CFS ikatawala mpaka keneli 6.6 mwaka 2023 ilipoingia skejula mpya, EEVDF. Kwa hiyo ukikuta mwongozo unakwambia uweke kernel.sched_latency_ns (nobu ya kurekebisha CFS) kwenye sysctl.conf, faili la mipangilio ya keneli, angalia tarehe ya huo mwongozo, hiyo nobu ilishaondolewa kwenye sysctl tangu 5.13.

2. Usikompaili kwa ajili ya preempt peke yake. Kama distro yako (aina ya Linux uliyopiga, mfano Ubuntu) imewasha PREEMPT_DYNAMIC, inayokuruhusu kuchagua preempt mashine inapowaka na iliyopo tangu 5.12, andika preempt=full kwenye mstari wa GRUB, programu inayowasha keneli, washa upya, umemaliza, nenda kalale.

3. Autogroup. Pachi ya Mike Galbraith, kama mistari mia mbili tu, iliingia 2.6.38 mwaka 2011 na watu walishangilia kweli: kila sesheni (mfano terminal moja na vyote vinavyokimbia humo) inapewa fungu lake la CPU, kwa hiyo make -j64 (kukompaili kazi 64 kwa mpigo) kwenye terminal moja hailali juu ya video yako. Sasa nyie mnaandika nice -n 19 make, yaani kuishushia make kipaumbele, halafu mnalalamika haisaidii. Autogroup ikiwa imewashwa, nice inapima ndani ya sesheni yako tu, unajinyima mwenyewe kwenye chumba ambacho uko peke yako. Kuna /proc/PID/autogroup, andika namba humo. Na kama systemd (msimamizi wa huduma za mfumo) imeshaiweka prosesi kwenye cgroup (kikundi cha prosesi) yenye kontrola ya cpu, autogroup haiihusu tena, hapo ongea na CPUWeight, mpangilio wa systemd wa kugawa CPU.

4. Swopu, yaani mahali, kwa kawaida kwenye diski, keneli inapohamishia kumbukumbu RAM ikibanwa. Hapa nikae kidogo maana hapa niliumbuka.

Kuna stationery nilikuwa naihudumia, mashine za mtumba, RAM 4GB, HDD, Linux nimepiga mwenyewe. Mwenye duka, mama mmoja mpole sana, akasema mwanangu hizi kompyuta watu wakijaa zinakuwa nzito. Nikajiona injinia. Nikachukua keneli nikaitia pachi, preempt kamili, 1000 Hz, na juu ya yote nikapiga swapoff -a (amri ya kuzima swopu) na mstari wake kwenye fstab nikaufuta isijirudishe, hoja yangu ikiwa kwamba swopu inaenda diski, diski ni nzito, kwa hiyo tukiondoa swopu tumeondoa uzito. Nikajaribia nyumbani kwenye mashine ya RAM 16GB na SSD, make inakimbia, video inacheza haikati, nikaenda kuziweka dukani kifua mbele.

Ikafika siku ya mwisho ya maombi ya mikopo ya chuo. Duka limefurika wanafunzi na wazazi, kila mashine ina brauza, vyeti vilivyoskaniwa, LibreOffice. Ikaganda moja, ikafuata ya pili. Taa ya diski imewaka moja kwa moja haipepesi, mshale unasogea kidogo unasimama, Ctrl+Alt+F3 haijibu. Nikapigiwa simu, na mimi kwa sauti ya kitaalamu kabisa, "mama hiyo ni Chrome, zimeni kwenye pawa". Wakazima. Fomu zikaenda nazo. Kuna binti alikuwa anamalizia ukurasa wa mwisho, alilia mpaka mama akamnunulia soda na kumjazia upya bure, na mimi bado nasema Chrome. Usiku ndo nikaenda kusoma logi nikitegemea kukuta OOM killer (sehemu ya keneli inayoua programu kumbukumbu ikiisha) imeua kitu. Hakuna hata mstari.

Nilichokuja kuelewa ni hiki. Bila swopu, kumbukumbu ya brauza haina pa kwenda, kwa hiyo keneli ikibanwa inatupa kinachotupika, yaani kurasa (vipande vya kumbukumbu) za mafaili, na humo ndani imo kodi (code) ya programu zenyewe, Xorg, libc, kila kitu. Sekunde ileile inatakiwa tena, inasomwa upya kutoka HDD, ili iingie inatupwa nyingine, ambayo nayo inatakiwa sasa hivi. Yaani nilikimbia swopu nikaigeuza /usr nzima, folda zinamokaa programu, kuwa swopu. Na OOM killer haiji, kwa sababu kwa hesabu za keneli kurasa zinapatikana, mambo yanaenda. Preempt yangu kamili ilikuwa inawahisha prosesi kwenda kusubiri diski.

Nikarudisha keneli ya distro, nikaweka zram (swopu iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe), nikaenda kumwambia yule mama kwamba haikuwa Chrome. Alicheka, nikaumia zaidi.

Kwa hiyo: zram kwanza, swappiness (jinsi keneli inavyopenda kutumia swopu) 100 au zaidi (tangu 5.8 inafika 200), na kama uko 6.1 kwenda mbele washa MGLRU, njia mpya ya kuchagua kurasa za kutupa, weka 1000 kwenye /sys/kernel/mm/lru_gen/min_ttl_ms, ili mashine ikishindwa iue kitu kimoja badala ya kuganda yote. Au earlyoom, programu inayoua kitu mapema kabla mashine haijaganda, inatosha.

5. Ukikopi muvi kwenye flashi na kila kitu kinasimama, shusha vm.dirty_bytes na vm.dirty_background_bytes (kiasi cha data kinachoruhusiwa kusubiri kwenye RAM kabla ya kuandikwa), maana asilimia 20 ya default kwenye RAM kubwa ni mzigo mkubwa mno kwa flashi ya kichina. HDD ipe BFQ, skejula ya foleni ya diski.

6. Pima. Tangu 4.20 kuna /proc/pressure, mafaili cpu, memory na io. Mashine ikiwa nzito, wakati huohuo, soma mstari wa full kwenye memory: avg10 ikiwa 40 maana yake asilimia 40 ya sekunde kumi zilizopita kila aliyekuwa na kazi alikuwa amekwama anasubiri kumbukumbu. Faili halipo? Jaribu psi=1 kwenye GRUB. Mkija kwangu njooni na hizo namba, uname -r (toleo la keneli) na free -h (hali ya RAM na swopu). Mwenye video ya kuburuta dirisha aje na chai.