Kabla hujaamini maksi za kipimo cha kumbukumbu cha mama yako

Mwaka juzi nilimpeleka bi mkubwa hospitali moja hapa Dar maana alikuwa anaunguza wali kila siku na anauliza swali lile lile mpaka wajukuu wanachoka. Daktari kijana akamkalisha, karatasi ya maswali, dakika kumi hivi, tukatoka na maksi 9 kati ya 30 na neno dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kwenye daladala kurudi Mbagala nililia kimya kimya, yeye ananiuliza mwanangu una nini.

Usiku ndo nikaanza kuyakumbuka yale maswali. Aliambiwa achore saa inayoonyesha saa kumi na moja na dakika kumi, mama akaweka mshale mfupi kwenye tano, sasa jamani kwa saa zetu si ndo hapo hapo? Fomu ya Kiingereza inataka mshale uwe kwenye kumi na moja, ambayo kwetu ni saa tano, kwa hiyo aliyetafsiri kahamisha maneno tu. Akaulizwa mwezi gani, akasema mfungo sita, na kweli ilikuwa mfungo sita, tunasubiri Maulidi, akawekewa mkasi. Aunganishe namba na herufi, 1 A 2 B, wakati mama kasoma chuoni Kilwa, Kur'ani na herufi za Kiarabu, hizi za kizungu hakufundishwa. Mia toa saba, endelea kutoa saba, pia akashindwa, ila chenji ya vitumbua humdanganyi.

Baadae nikajua kile kipimo kinaitwa MoCA, kilitoka Canada mwaka 2005, ukipata 26 kwenda juu unahesabiwa uko kawaida, na aliyesoma miaka 12 au pungufu anaongezewa maksi moja. Moja tu! Kwa mtu ambaye hajakaa darasani hata siku moja.

Nikatafuta daktari mwingine, mama wa makamo, yeye kabla ya yote akauliza bibi kasoma wapi, anasikia vizuri, miwani iko wapi. Akatumia kipimo kinaitwa IDEA, kilitengenezwa hapa hapa Tanzania, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee ambao wengi hawakusoma. Hakuna kalamu. Unapanga njiti nne za kiberiti kama alivyozipanga daktari, unataja wanyama kwa dakika moja, daraja ni nini, kiongozi wa hapo kwenu ni nani, leo siku gani, na maneno kumi ya kukumbuka. Mama alitaja wanyama mpaka kenge, njiti akapanga sawa, lakini yale maneno kumi yalipoulizwa tena hakupata hata moja.

Akapata 9 kati ya 15. Pale 7 kushuka chini ni dalili kubwa, 8 na 9 ni mashaka. Kwa hiyo tatizo lipo, sitaki mtu asome hapa aende nyumbani akasema vipimo vyote ni uongo. Ila hiki kilionyesha kile kile tulichokuwa tunakiona jikoni, kumbukumbu ya mambo mapya, basi, sio kwamba akili yote imekwisha.

Kwa hiyo ukienda uliza jina la kipimo, sema mzee kasoma mpaka wapi na anaongea lugha gani nyumbani, na aende na mtu anayelala naye nyumba moja, maana cha muhimu zaidi ni nini kimebadilika na tangu lini. Mstaafu aliyekuwa mhasibu anaweza kupata maksi nzuri kabisa na huku anapotea njia ya kurudi kwake, huyo nae msimwache. Ombeni na damu ipimwe, tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, pia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inaweza kufanana kabisa na usahaulifu. Na akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu hapo hamsubiri kipimo cha maswali, kimbizeni hospitali, inaweza kuwa maambukizi.

Sisi tunarudi kliniki mwezi ujao, nina daftari naandika kila siku aliyounguza kitu, na jiko la gesi sasa hivi anawashiwa na mjukuu.