Meli ikifunga gati Hilo, Hawaii: mzazi mwenye magoti mabovu aende wapi na aepuke nini

Mkuu, umesema meli yenu ya utalii itakaa kwenye bandari ya mji wa Hilo, Hawaii, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Bi mkubwa ana miaka zaidi ya 70, magoti yamechoka, anatembea na mkongojo, na akipiga hatua mia hivi lazima aketi. Unataka auone mlima wa moto, ila kijitabu cha ziara cha meli kimeweka alama ya "nyepesi" karibu kila mahali. Mlima wenyewe, Kilauea, atauona vizuri tu, lakini siku hiyo ipangeni kwa kufuata magoti yake, msiifuate alama ya kijitabu.

Alama zile hupima zaidi umbali wa kutembea. Mwenye magoti mabovu haumizwi sana na umbali. Humchosha ngazi, kusimama muda mrefu bila pa kuketi, na kupanda na kushuka gari. Piga hesabu ya ziara ya basi yenye vituo vitano: atapanda mara sita na kushuka mara sita, ukihesabu gatini. Basi kubwa la watalii lina ngazi nne au zaidi, nyembamba, na ile ya kwanza kutoka ardhini huweza kuwa juu mara mbili ya ngazi ya nyumbani. Kwa ngazi nne tu, hizo ni ngazi 48, nusu yake za kushuka, na kushuka ndiko kunakouma zaidi kwenye goti lililolika. Hapo hajatembea popote. Kwa hiyo ziara yenye vituo viwili vya dakika arobaini ni bora kwake kuliko yenye vituo sita vya dakika kumi, hata kama ya pili imeandikwa "kutembea kidogo sana".

Mpimeni nyumbani mapema. Apande ngazi nne akishika reli, ashuke, apumzike dakika kumi, arudie mara sita. Siku nyingine asimame robo saa bila kuegemea kitu. Akishindwa raundi ya tatu, basi kubwa la kawaida lisahauni, tafuteni lenye lifti ya kumpandisha abiria mlangoni, au gari dogo.

Kuhusu lifti, Hilo ni Marekani, na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inafanya kazi hapo. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria hiyo inazigusa pia meli za bendera za nje zikiwa kwenye maji ya Marekani. Kampuni za mabasi ya kukodi hutakiwa kuleta basi lenye lifti zikipewa taarifa saa 48 kabla. Ila msingoje hizo saa 48. Kisiwani mabasi ya aina hiyo ni machache, na meli ikiwa na abiria elfu mbili yanagombewa. Iandikieni idara ya mahitaji maalumu ya kampuni ya meli siku ileile mnayolipia safari, kisha thibitisheni tena kwenye dawati la ziara siku ya kwanza melini. Msiandike "mama hatembei vizuri". Andikeni hivi: anapanda ngazi ngapi, anasimama dakika ngapi, anatumia kifaa gani, kina uzito gani, kinakunjwa au hakikunjwi. Maelezo ya juujuu huishia kwenye jibu la juujuu, na asubuhi ya siku hiyo mnakuta basi la kawaida. Na asidhani lifti ni ya wenye viti vya magurudumu peke yao. Anayetembea lakini hawezi ngazi naye anaweza kuiomba.

Jambo zuri la Hilo ni kwamba meli inafunga gatini, hamshushwi kwa boti. Tofauti ya maji kujaa na kupwa Hawaii ni ndogo, haifiki mita moja, kwa hiyo daraja la kushukia halibadiliki mteremko sana kutwa nzima. Asishuke na kundi la kwanza. Ngojeni dakika 30 hadi 45 msongamano uishe, mabaharia watapata nafasi ya kumshika mkono. Ukimsukuma kwenye kiti na mteremko ni mkali, mshusheni kinyumenyume. Gati lenyewe ni la mizigo, hakuna benchi wala kivuli cha kutegemea, na kutoka hapo hadi katikati ya mji ni kama kilomita 3. Mtu akiwaambia "mji uko hapo tu", msimsikilize.

Kama ratiba yenu ina pia Kailua-Kona, upande wa pili wa kisiwa hichohicho, hapo mambo ni tofauti. Meli hutia nanga nje na abiria huvukishwa kwa boti ndogo. Boti na jukwaa la meli hupanda na kushuka na wimbi, abiria anatakiwa avuke pengo kwa miguu yake mwenyewe, na skuta nzito za umeme za wasioweza kutembea mara nyingi hukataliwa. Uamuzi wa kwenda au kutokwenda ufanyeni asubuhi hiyo mkiitazama bahari. Na ziara ya volkano msiinunue Kona hata mkipewa bei nzuri. Kutoka Kona ni zaidi ya saa mbili garini kwenda peke yake, wakati kutoka Hilo ni kilomita 45 hadi 50 kwa barabara namba 11, dakika 45 tu.

Sasa ziara yenyewe. Kwa hali uliyoieleza, mimi ningechagua gari dogo la watu wachache na dereva wake, kabla ya basi lolote. Gari la familia lenye mlango wa kuteleza ndilo bora: sakafu yake iko chini, anaketi kwanza, kisha anageuka na kuingiza miguu. Magari marefu ya juu hayafai bila kistuli cha kukanyagia, na vani kubwa za watalii nazo zina kidato kirefu mlangoni. Mkiweza kuendesha wenyewe, ofisi za kukodi gari ziko uwanja wa ndege wa Hilo, dakika chache kutoka bandarini. Mwenye kibandiko cha maegesho ya walemavu kutoka jimbo lingine la Marekani aje nacho, kinatambulika Hawaii.

Mkikodi dereva, kubalianeni kwa maandishi bei ya gari zima, idadi ya saa, na kama kusubiri kumo ndani ya bei. Muulizeni pia kama ana kibali cha kubeba watalii ndani ya hifadhi, maana Hifadhi ya Taifa ya Volkano za Hawaii, ilimo Kilauea, inadai kibali cha biashara. Asiye nacho anaweza kuwaharibia siku mlangoni. Hatari nyingine ya gari binafsi ni muda. Basi la ziara ya meli likichelewa, meli hulisubiri. Nyinyi hamtasubiriwa. Barabara ni hiyo namba 11, ajali moja inaweza kuifunga, kwa hiyo hesabuni kuwa gatini saa moja na nusu kabla ya meli kuondoka.

Anzeni na maporomoko ya Waiānuenue, wageni huyaita Rainbow Falls. Yako ndani ya mji wa Hilo, yana urefu wa kama mita 24, na kizuri ni kwamba unayaona kutoka kwenye reli iliyo karibu kabisa na maegesho. Upinde wa mvua hutokea asubuhi jua likiwa nyuma yenu, kwa hiyo yasiwekwe mwisho wa siku. Kushoto kuna ngazi za kwenda juu. Aziache, anachokifuata anakiona palepale chini. Mvua ikikata siku kadhaa maji hupungua na kuwa uzi, muulizeni dereva kabla hamjazunguka huko. Maporomoko makubwa ya ʻAkaka, mita 135, ndiyo yanayouzwa sana kwenye ziara, na ndiyo nisiyompendekezea. Njia yake ni fupi, haifiki kilomita moja, lakini imejaa ngazi za kushuka na kupanda, na mara nyingi zimelowa.

Kutoka hapo nendeni moja kwa moja hifadhini. Kiingilio cha gari binafsi ni dola 30 na kinafaa siku saba. Mlangoni hawapokei fedha taslimu, nendeni na kadi. Wenye uraia wa Marekani au kadi ya kijani wana nafuu kubwa: mwenye ulemavu wa kudumu hupata pasi ya bure ya maisha, na mwenye miaka 62 au zaidi hununua ya maisha kwa dola 80 au ya mwaka kwa dola 20. Pasi hiyo humwingiza yeye na wote waliomo kwenye gari lake binafsi. Kwa Waswahili wengi walioko Marekani na wazazi wenye kadi ya kijani, hii ni haki inayopotea bure kwa kutojua.

Ndani ya hifadhi, kwake yeye vituo viwili au vitatu vinatosha kabisa. Cha kwanza ni matundu ya mvuke, Wahinekapu: unaegesha na mvuke unatoka ardhini mbele yako. Cha pili ni Volcano House, hoteli iliyo ukingoni mwa kreta, yaani shimo kubwa la volkano. Hapo pana vyoo, chakula, viti, na madirisha yanayoitazama Kilauea. Mwacheni aketi hapo saa nzima. Ndipo mahali pazuri kuliko pote kwa mtu wa hali yake, na ziara nyingi za haraka hukaa hapo dakika ishirini tu. Cha tatu, akiwa na nguvu, ni kituo cha kutazamia cha Kilauea Overlook, mwendo mfupi kutoka maegesho. Katikati ya mchana maegesho hujaa, hasa volkano ikiwa inalipuka, basi mshusheni yeye na msindikizaji kwanza, dereva ndiye ahangaike na nafasi.

Pango la lava la Nāhuku, ambalo wengi hulijua kwa jina la Thurston, liruke. Kuna mteremko, ngazi, sakafu yenye mabonde na madimbwi, na mwanga hafifu. Nje wanasema ni dakika ishirini, lakini ukishaingia hakuna pa kuketi wala njia ya mkato ya kutokea.

Tangu tarehe 23 Desemba 2024 Kilauea imekuwa ikirusha lava kwa vipindi ndani ya kreta ya Halemaʻumaʻu. Kipindi kimoja huchukua saa chache au zaidi ya siku, kisha kimya cha siku au wiki. Msimwahidi bi mkubwa moto. Mwahidini kreta kubwa na mvuke. Taasisi ya jiolojia ya Marekani hutoa taarifa ya volkano hiyo mara kwa mara kwenye tovuti yake, isomeni usiku wa kuamkia siku hiyo. Kuna siku vipande vya mawe na majivu huangukia maeneo ya kutazamia na baadhi ya barabara hufungwa.

Hewa ni jambo la kuliangalia kwa makini. Gesi ya salfa huwasumbua wenye pumu na wenye maradhi ya moyo. Akiwa na lolote kati ya hayo, asisimame kwenye mvuke wala asipelekwe kwenye njia ya Sulphur Banks inakotoka gesi hiyo, na dawa yake ya kuvuta iwe mkononi, isiachwe kwenye begi garini. Mwinuko wa hapo hifadhini ni kama mita 1,200, pungufu kidogo ya Arusha mjini, kwa hiyo Hilo atatoa jasho na juu atatetemeka. Sweta na soksi nzito ni lazima, maana baridi hukaza magoti.

Hilo hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Mwavuli haufai kwa mtu mwenye mkongojo, unamnyang'anya mkono wa pili. Mpeni koti la mvua lenye kofia. Kagueni kile kipande cha mpira chini ya mkongojo: kikiwa kimelika na kuwa laini, badilisheni kabla ya safari, ni cha bei ndogo sana. Kama mnabeba kiti cha kusukuma, vile vyepesi vya matairi madogo, kilo 8 hadi 10, vinaingia buti yoyote lakini hukwama kwenye kokoto za lava na kwenye nyufa. Chenye matairi makubwa nyuma ni kizito karibu mara mbili, ila kinapita. Kwa mpango huu wa gari dogo, chepesi kinatosha pamoja na kistuli cha kukunja.

Dakika kumi kabla ya kufika kila kituo, akunje na kunyoosha vifundo na magoti akiwa ameketi. Akinyanyuka ghafla baada ya kukaa dakika 45, hatua tatu za kwanza ndizo za kuangukia. Kama anatumia dawa za kukojoza, muulizeni daktari wake kuhusu saa ya kumeza siku ya ziara. Asiache mwenyewe, na asijinyime maji.

Mkirudi Hilo saa 8 mchana na bado ana hamu, bustani ya Liliʻuokalani iko jirani na bandari: tambarare, nyasi, mabwawa ya mtindo wa Kijapani, mabenchi. Vidaraja vilivyopinda vizungukeni, msivipande. Ufuko ule umebaki wazi vile kwa sababu tsunami za 1946 na 1960 zilifagia mitaa iliyokuwepo, na sehemu kubwa ikaachwa kuwa bustani. Akipenda bahari zaidi, bustani ya Carlsmith kwenye barabara ya Kalanianaʻole ina kobe wa baharini wanaoonekana kutoka kwenye nyasi. Mkae mita 3 mbali nao, wanalindwa na sheria. Na mvua ikipiga kutwa hadi kreta isionekane, geuzeni mapema mwende ʻImiloa, kituo cha elimu ya anga cha chuo kikuu hapo Hilo: ni ndani kote, viti vipo. Angalieni tu siku zao za kufungua kabla hamjatoka melini.