Baba yuko ziwani, watoto wanasinzia: ibada ya nyumbani tuifanyeje?

Wapendwa hamjambo, barua zimekuwa nyingi wiki hii, nimechukua tatu tu na ya kwanza nimekaa nayo siku nne nzima kabla ya kuijibu maana imenigusa mahali.

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe hapa hapa Mwanza, mkubwa yuko darasa la saba, wa kati la tatu, wa mwisho ana miaka minne. Mume wangu anavua dagaa, kambi yao iko huko visiwani Ukerewe, nyumbani anakuja mbalamwezi tu. Kwenye semina ya wanawake kanisani tulifundishwa kila nyumba iwe na madhabahu, ibada kila jioni, nyimbo, neno na maombi. Nimejitahidi toka Januari. Natoka kuanua dagaa nimechoka, napika, tunakula saa mbili, tukianza ibada mdogo kashalala, wa kati anasinzia, mkubwa ananuna anasema ana kazi za shule. Saa tatu na nusu tunamaliza mi mwenyewe nalia. Baba akija anakaa kimya, nikimwambia aongoze anasema endeleeni tu nyie mmezoea. Roho inaniuma, naona nyumba yangu haina Mungu. Nifanyeje?
Mama wa watatu, Igombe

JIBU: Marahaba mwanangu na pole sana. Hilo la mwisho tulitoe kwanza kabla hatujaenda popote, mama anayeanua dagaa jua linazama na bado anakumbuka kuwaita wanawe waombe, nyumba yake haiwezi kuitwa haina Mungu, hapana, futa hilo neno kabisa.

Ngoja nikuambie yaliyonipata mi mwenyewe. Wanangu wakiwa wadogo tulikuwa tunakaa Mabatini na mi nilikuwa mkali wa ibada sijapata kuona, saa mbili na nusu juu ya alama, sura nzima, nyimbo tatu, kila mtu aombe. Siku moja tunasoma nikamwona mwanangu wa kiume, alikuwa na miaka saba, kichwa kinashuka kinashuka mpaka kidevu kikagusa kifua, mate yanamdondokea kwenye shati la shule ambalo hata hajalivua, nikamfinya sikio na nikamfinya kwa nguvu. Akashtuka akasema "Amina!" Yaani mtoto katoka usingizini anaogopa, na neno la kwanza linalomtoka ni Amina ili asifinywe tena. Nilisikia baridi mwili mzima. Usiku ule sikupata usingizi, nikajiuliza miaka yote hii namfundisha nini huyu mtoto, nikaona namfundisha kwamba Mungu anakuja saa mbili na nusu na akija anafinya. Asubuhi nilimwomba msamaha. Saivi ni mtu mzima ana familia yake na bado likija hilo naumia.

Kwaiyo sitakuambia uongeze juhudi. Aliyewafundisha semina simlaumu, madhabahu ni neno zuri, ila Kumbukumbu la Torati sura ya 6 ambayo wengi tunaisimamia kwenye hili tunaishiaga pale pa kuwafundisha watoto kwa bidii, hatuendelei mbele. Endelea kusoma. Inasema uyanene uketipo nyumbani, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo. Hiyo ni siku nzima mwanangu! Usiku umo lakini ni mmoja kati ya nyakati nne, wewe umechukua huo mmoja ambao watu wote wamechoka umeubebesha mzigo wa wenzake wote.

Jaribu hivi. Ibada ya jioni iwe kabla ya chakula, sio baada, ugali ukiwa bado jikoni. Mtoto mwenye njaa hasinzii, ila aliyeshiba ugali na dagaa saa mbili usiku utamwamsha na nini? Wimbo mmoja wanaoujua kwa kichwa, mistari mitatu minne, kila mtu ataje jambo moja tu la kushukuru au la kuomba, dakika kumi mmemaliza, mle. Yule mdogo usimsubirishe hata hapo, yeye ombea ukiwa unamchomekea neti, mkono wako ukiwa kichwani kwake, maneno ni yale yale kila siku mpaka ayajue, na usiku ambao utasahau utashangaa yeye ndo anakukumbusha. Mkubwa naye anaponuna usimhesabie dhambi haraka, mwaka huu ana mtihani wa taifa mwezi wa tisa, kazi za shule sio kisingizio. Mpe yeye achague cha kusoma. Akichagua mistari miwili iwe miwili.

Afu kuna ile saa mnayokaa kuchambua dagaa. Mikono ina kazi, midomo haina, hapo ndo pa kuwasimulia Yusufu na ndugu zake, Ruthu na mama mkwe wake, Daudi na kondoo, bila hata ya kusema sasa tunaanza ibada. Binti yangu mpaka leo ukimuuliza hadithi ya Ruthu aliisikia wapi atakuambia kwenye beseni la dagaa, anakumbuka mpaka harufu.

Sasa baba. Mumeo anaposema nyie mmezoea amekwambia ukweli, sio kwamba anamkataa Mungu. Anatoka kambini anakuta nyumba ina nyimbo zake na utaratibu wake, anajiona mgeni ndani mwake, na wewe unamkabidhi Biblia mbele ya watoto ghafla. Wanaume wengi wa ziwani hawakusoma sana na hawatasema hilo mbele ya mtoto wa darasa la saba. Usimbane.

Ila nyie mna kitu ambacho nyumba nyingi za mjini hatuna. Dagaa wanafuata taa, na mwezi ukiwaka taa ya mvuvi haina nguvu tena, ndo maana giza ni la ziwa na mbalamwezi ni ya nyumbani. Basi na ibada yenu ifuate mwezi. Siku za mbalamwezi badilisha kabisa, weka asubuhi ya Jumamosi, chai au uji wa moto, wote mmekaa. Mkubwa asome Yohana sura ya 21, wale wanafunzi walivyovua usiku kucha wasipate kitu, kulivyopambazuka wakamkuta Bwana ufukweni, moto wa makaa umewaka, samaki juu yake na mkate, anawaambia njoni mfungue kinywa. Halafu funga kitabu umgeukie mumeo umuulize tu kama mke anavyomuuliza mume, hivi baba nanii, usiku mmevua hakuna kitu, asubuhi mnarudi mtumbwi mtupu, inakuwaje? Uone. Hakuna shemasi Mwanza hii atakayewaeleza watoto wako hiyo sura kama baba yao, yeye baridi ile anaijua, uzito wa wavu mtupu anaujua, anajua mtu akikuita ule samaki wa moto asubuhi kama ile unajisikiaje. Akiongea dakika mbili akanyamaza, imetosha. Usimalizie wewe.

Na siku za giza zikirudi, mpigie baba kabla hawajaingiza mtumbwi majini, ile saa kumi na moja jioni, kama mtandao upo. Weka spika, kila mtoto amwombee baba sentensi moja. Nasema hivi kwa sababu sisi tuliokulia hapa tunajua, mwaka 1996 MV Bukoba ilipozama mi nilikuwa binti, vilio vya mtaani kwetu havijanitoka masikioni, na najua mtoto ambaye baba yake analala majini ana hofu anaibeba usiku hasemi. Huyo wa kati anayesinzia huenda usiku halali vizuri, muulize taratibu. Akipata mahali pa kusema "Mungu mrudishe baba" hiyo ni ibada nzima, na usiku ule usiongeze kitu.

SWALI: Mama, mwanangu wa miaka mitatu anakataa dagaa, anasema wachungu na wana mchanga. Nyama kila siku siwezi. Nisaidie.
Mama wa Nyakato

JIBU: Mtoto hasingizii, ni kweli kabisa. Mchanga unatokana na walivyoanikwa, waliomwagwa chini ufukweni wanaubeba, wa kwenye chanja au juu ya nyavu huwa safi na bei imepanda kidogo. Ukienda Mwaloni Kirumba usinunue kwa macho, chukua kidogo sugua kwenye kiganja afu tazama kiganja chako. Chagua wanaong'aa kama fedha, wale waliogeuka njano na wananuka mafuta ya zamani achana nao.

Uchungu uko kichwani na kwenye utumbo ule mweusi, ukikata kichwa kwa kidole vizuri kinavuta na utumbo wake. Najua ni kazi, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu unahitaji kiganja kimoja tu sio sado nzima. Waloweke maji ya moto dakika chache wasije wakavunjika, kisha suuza maji matatu, na hapa ndo wengi tunakosea, usimwage maji na dagaa pamoja kwenye chujio, mchanga wote unarudi juu yao. Watoe kwa mkono, mchanga ubaki chini ya beseni, rudia mpaka chini pawe peupe. Kaanga na kitunguu, nyanya ya kutosha, kamulia ndimu, malizia na karanga za kusaga moto ukiwa mdogo. Akikataa tena usimlazimishe, wakaange wakavu bila mafuta, wasage, weka kwenye kopo lisilo na unyevu, kijiko kimoja kwenye mchicha wake au kwenye uji. Mifupa inaliwa yote na ndo faida yenyewe ya dagaa kwa mtoto anayeota meno na kurefuka.

SWALI: Bwana asifiwe mama. Nna dada wa kazi ana miaka 16, katokea Sengerema. Ni binti mzuri sana, nampenda kama mwanangu. Anakula jikoni, kwenye ibada haji kwa sababu ni Mkatoliki na sisi ni walokole, na Jumapili anabaki anapika tukirudi tunakuta chakula tayari. Mama mkwe anaishi na sisi, anasema nikimzoesha mezani atanipanda kichwani. Nimechanganyikiwa.
Mama wa Buhongwa

JIBU: Amina mwanangu, na nitasema wazi kwa sababu umeuliza kwa moyo safi. Unasema unampenda kama mwanao. Mwanao anakula wapi?

Tuanze na sheria maana wengi hatuijui, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto chini ya miaka 14, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliyefika 14 lakini hajafika 18 bado anahesabiwa mtoto, kazi yake iwe nyepesi, isimdhuru afya wala kumzuia shule. Huko kwetu kwenye mawe na vilima, kumpandisha binti na ndoo za lita 20 mara sita kwa siku sio kazi nyepesi hata kidogo, kwaiyo kama ndo hivo ligawaneni hilo la maji, na mshahara wake mpe yeye mkononi, kama anataka kutuma kwao atume mwenyewe.

Jumapili ndo imeniumiza zaidi. Soma Kutoka 20, ile amri ya kupumzika, imetaja mwana na binti na ikamtaja mjakazi kwa jina la kazi yake, na wanyama pia. Mungu alijua sisi wenye nyumba tutapumzika kwa mgongo wa mtu mwingine, akafunga huo mlango mapema. Sasa sisi tunaenda kuimba, yeye yuko kwenye moshi, tunarudi tumebarikiwa tunamuuliza mbona wali umeungua.

Ukatoliki wake usiwe tatizo. Mkaribishe kwenye ibada akae akitaka, akitaka kusali rozari yake chumbani asali, usimbadilishe kwa sababu tu anakula kwako. Kuhusu mama mkwe, usibishane naye, wewe ni mkwe na yeye ni mzazi, mwachie mumeo aongee na mama yake wakiwa wawili, aseme ndo utaratibu ninaotaka mimi. Na kama mama atanuna wiki mbili mpe shikamoo yake vile vile na chai yake ya moto vile vile.

Jumapili hii binti aende misa ya kwanza parokia ya karibu, mpe na nauli. Maharage chemsheni Jumamosi, wali mtapika wote mkirudi, na kama viti mezani havitoshi azima kimoja kwa jirani.