Maswali na Majibu: Leza ya Kijani ya Kujitengenezea na Joto Lake

Tangu nilipoeleza hapa namna ya kutoa leza nyekundu kwenye mashine chakavu ya DVD, maswali mengi yaliyonifikia yamehusu leza ya kijani. Karibu wote wanaoandika wanataka kujua wataongezaje nguvu ya mwanga, na wachache mno wanauliza joto litakwenda wapi. Kwa fundi mwenye bajeti ndogo hayo ni swali moja, na ndiyo maana nimechagua barua zinazolikaribia kutoka pande mbalimbali.

Shikamoo mwalimu. Leza nyekundu ndogo inapatikana kwa bei ya chee, lakini ya kijani ni ghali. Ndani yake kuna nini, na mimi mwenye mfuko mwembamba nianzie wapi? (Msomaji, Igoma)

Marahaba. Katika leza nyekundu, dayodi yenyewe, kile kipande kidogo kinachogeuza umeme kuwa mwanga, ndiyo inayotoa rangi unayoiona. Katika kalamu nyingi za kijani za bei nafuu, dayodi haitoi ukijani hata kidogo. Ni dayodi ya infraredi ya nanomita 808 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga), ambayo mwanga wake jicho huuona kwa shida kama wekundu hafifu. Mwanga huo huingia katika fuwele ndogo ya vanadati yenye neodimiamu, fuwele hiyo ikatoa mwanga wa nanomita 1064 usioonekana kabisa, kisha fuwele ya pili, inayoitwa KTP, ikaukata urefu huo wa wimbi nusu kwa nusu hadi nanomita 532, ambao ndio ukijani wenyewe. Ufundi huu wa kukata wimbi nusu ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961 na Peter Franken na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka mmoja tu baada ya Theodore Maiman kuwasha leza ya kwanza ya rubi. Mimi bado hustaajabu kwamba jambo hilo leo linafanyika ndani ya kalamu.

Njia ya pili ni dayodi ya nanomita 520, inayotoa kijani moja kwa moja bila fuwele. Ikiwa unataka mstari ulionyooka wa kupimia ukuta au kupangia vigae, nunua hiyo, kwa sababu inavumilia mabadiliko ya joto kuliko ndugu yake wa fuwele. Ikiwa unataka kujifunza fizikia, nunua dayodi ya 808 pamoja na fuwele zilizokwisha kugandishwa pamoja, na usijaribu kuzipanga mwenyewe mbili mbalimbali katika mradi wako wa kwanza. Jicho la mwanadamu huiona nanomita 532 ikiwa angavu takriban mara nane kuliko nyekundu ya nanomita 650 yenye nguvu ileile, kwa hiyo huhitaji nguvu kubwa ili uridhike.

Leza yangu inawaka vizuri asubuhi, lakini ikifika mchana hudumu dakika mbili tu kisha hufifia. Nikiiacha ipumzike hurudi. Je, dayodi imechoka? (Fundi redio, Buzuruga)

Dayodi yako haijachoka. Ingekuwa imekufa isingerudi. Kinachokusumbua ni joto, na inafaa tulipige hesabu.

Chukua dayodi ya 808 yenye uwezo wa kutoa wati 1 ya mwanga. Hiyo hula takriban volti 2 kwa ampea 1.2, yaani wati 2.4. Ukipata miliwati 200 za kijani mwishoni umefanya kazi nzuri sana, na maana yake ni kwamba zaidi ya wati 2 zinabaki zikihangaika ndani ya kipande cha chuma unachoweza kukificha kiganjani. Hitisinki, yaani chuma cha kutawanyia joto, ikiwa ndogo isiyo na feni, ya aina inayopanda nyuzi 12 kwa kila wati moja, itapanda nyuzi zipatazo 26. Mchana wa Mwanza hewa ikiwa nyuzi 29, dayodi inakaa kwenye nyuzi 55.

Kwa dayodi nyingine ungesema nyuzi 55 si neno. Hapa ni neno, kwa sababu mwanga wa dayodi ya 808 husogea takriban nanomita 0.3 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kiwanda hupima dayodi ikiwa nyuzi 25. Ukiipandisha nyuzi 30 zaidi, ile 808 imekuwa 817, huku fuwele ya vanadati ikinywa vizuri mwanga ulio ndani ya nanomita chache tu kuzunguka 808 na 809. Dayodi inaendelea kuwaka kwa nguvu karibu ileile, inaendelea kula betri, lakini fuwele haiupokei tena mwanga wake kama inavyopaswa, na ukijani unakufa. KTP nayo ina pembe na joto lake inalolipenda, kwa hiyo hasara huongezeka.

Fanya jaribio hili kabla ya kununua chochote. Iwashe leza ukutani, kaa nayo mpaka ififie, halafu upulizie hitisinki kwa feni ndogo ya kompyuta. Ikiwa ukijani unarudi polepole ndani ya nusu dakika bila wewe kugusa kitu kingine, umepata ugonjwa na dawa yake kwa pamoja. Na siku utakaponunua dayodi nyingine, ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua iliyopimwa 804 au 805 badala ya 808 kamili, ili ikishapata joto la kazi iwe imefika mahali fuwele inapoitaka. Ushauri huu ni wa bure, na umeniokolea kazi nyingi kuliko kifaa chochote nilichokinunua.

Nimepata hitisinki ya kompyuta ya zamani. Naomba kujua namna ya kuifunga, na kama ni kweli dawa ya meno inaweza kutumika badala ya pesti ya kupitisha joto. (Msomaji, Kirumba)

Dawa ya meno hufanya kazi siku ya kwanza kwa sababu ina maji. Maji yakikauka, unabaki na chaki yenye nyufa kati ya chuma na chuma, na joto linakwama. Tafuta pesti halisi. Bomba dogo kabisa linatosha leza nyingi.

Kosa kubwa zaidi huwa katika kufunga. Moduli nyingi za leza, yaani kasha lenye dayodi na lenzi, ni silinda ya milimita 12, na hitisinki ni bapa, kwa hiyo ukiilaza juu yake vinagusana kwa uzi mmoja mwembamba tu. Unahitaji kipande cha alumini kilichotobolewa tundu la milimita 12, kikapasuliwa upande mmoja kwa msumeno, kisha kikabanwa kwa skrubu ili kiikumbatie moduli pande zote. Mafundi wa Makoroboi hapa Mwanza wanaweza kukutobolea tundu hilo, ila wapelekee alumini ya bamba au ya fremu ya dirisha iliyo nene, usikubali ile iliyosubiwa kutokana na masufuria yaliyoyeyushwa, kwa kuwa mara nyingi huwa na vitundu vya hewa ndani, na hewa ni kizuizi kikubwa cha joto. Shaba nyekundu ni bora zaidi, kwani hupitisha joto karibu mara mbili ya alumini, lakini kwa wati 2 au 3 tofauti hiyo haitoshi kukutia gharama.

Sehemu ya chini ya kipande hicho isugue hivi: tandaza msasa laini juu ya kioo bapa, weka matone ya maji, kisha usugue kwa kuchora namba 8 mpaka mikwaruzo yote ielekee sawa na uso mzima ung'ae kwa kiasi kimoja. Pesti inayofuata iwe nyembamba kiasi kwamba bado unauona mng'ao wa chuma chini yake. Kazi ya pesti ni kujaza mikwaruzo. Ikiwa nene inakuwa blanketi.

Nipo Nansio, na umeme wangu ni wa sola. Je, nipoze leza kwa maji ya ziwa au kwa kigae cha Peltier, kile kinachopoa upande mmoja kikipitishwa umeme? (Mvuvi na mpenzi wa elektroniki)

Wewe una jibu zuri kuliko watu wa mjini. Maji hubeba joto jingi sana: wati 3 zikiingia katika lita 3 za maji kwa saa nzima, maji hayo hayapandi hata nyuzi 1. Chukua sufuria ya alumini yenye ubavu au kitako bapa, ijaze maji, kisha ubane kile kipande cha alumini nje yake kwa klempu na pesti, bila kutoboa chochote. Hakuna feni, hakuna pampu, na sola yako haiguswi. Tumia maji ya mvua, kwa kuwa ya ziwa huleta mwani na harufu baada ya siku chache.

Kigae cha Peltier ningekushauri ukiache. Hakifuti joto, hulihamisha tu kutoka uso mmoja hadi mwingine na kuongeza umeme wake wote upande wa moto, kwa hiyo bado utahitaji hitisinki kubwa kuliko uliyoikimbia. Tena sisi tuko kando ya ziwa. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa umande kwenye kitu chenye nyuzi 22. Ukipoza moduli chini ya hapo, lenzi na fuwele zitalowa kama chupa ya soda mezani. Anayelazimika kukitumia aweke kidhibiti kinachoshikilia nyuzi 25, asishuke zaidi.

Je, naweza kuiendesha leza kwa LM317 (kidhibiti kidogo cha umeme) na betri mbili za laptopu? (Mwanafunzi, Nyakato)

Ndiyo, kwa dayodi ndogo. Gawanya 1.25 kwa rezista upate mkondo: omu 3.3 hutoa karibu miliampea 380. Lakini angalia kwamba betri mbili ni volti 7.4 na dayodi inahitaji 2 tu. Volti 5.4 zinazobaki, sawa na zaidi kidogo ya wati 2, zinageuka joto katika LM317 na rezista, wakati dayodi yenyewe inakula wati 0.76. Kwa hiyo LM317 iwe na hitisinki yake peke yake, mbali na ya leza. Unganisha dayodi kwanza, ndipo uwashe. Mimi niliwasha saketi kwanza, kapasita ikajaa, nikagusisha waya wa dayodi, nayo ikafa papo hapo.

Mwanangu wa kidato cha tatu anatengeneza leza hii chumbani. Nina sababu ya kuogopa? (Mama, Pasiansi)

Ndiyo mama, na usione aibu kumsimamisha mpaka mambo haya yatimie. Ule mwanga wa 808 na 1064 ambao haukugeuka kijani unaweza kutoka pamoja na kijani, ikiwa hakuna kioo cha kuuchuja. Mwaka 2010 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilieleza kalamu moja ya bei nafuu iliyoandikwa miliwati 10, ambayo ukijani wake ulikuwa hafifu huku ikitoa karibu miliwati 20 za infraredi. Jicho likipigwa na mwanga mkali unaoonekana hupepesa ndani ya robo sekunde. Kwa infraredi halipepesi, wala halisikii maumivu retina inapoungua. Kwa hiyo kichujio cha infraredi kiwekwe kabla ya kuwasha mara ya kwanza, na leza inayofifia kwa joto ihesabiwe kuwa ya hatari zaidi, kwa sababu ukijani umepungua lakini infraredi haijapungua.

Miwani ya jua haisaidii. Anunue miwani ya leza iliyoandikwa kwamba inazuia 532, 808 na 1064, zote tatu, na anunue jozi mbili, moja yake na moja ya yeyote atakayeingia chumbani. Aondoe vioo na vitu vinavyong'aa, na mwanga uishie kwenye ubao au tofali lisilong'aa, chini ya kimo cha macho. Na kwa kuwa mnaishi karibu na uwanja wa ndege, dirisha la chumba hicho lifungwe na pazia lishushwe kila leza inapowashwa.