Hatoki bandani, kupe kampata wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mie niko Tukuyu, nina ng'ombe mmoja wa maziwa, Frizian, tangu nimnunue yuko bandani hajaenda malishoni hata siku moja, majani namkatia mwenyewe. Juzi kagoma kula, mwili wa moto, tezi chini ya sikio imevimba kama limao. Mtaalamu kaja kasema ndigana kali, inaletwa na kupe. Sasa kupe katoka wapi jamani? Jirani ananambia nimpige OTC tu, ile sindano ya oksitetrasaiklini, itatosha.

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Hayo majani unakata wapi? Kama ni kando ya njia wanakopita ng'ombe wa watu, basi kupe umemleta mwenyewe kichwani, ndani ya mzigo.

Huyu wa ndigana kali ni kupe wa kahawia, mpenda masikio. Maishani anakula mara tatu tu, na kila mlo mnyama wake: akitoka kwenye yai, akiwa kijana, na akishakuwa mkubwa. Akishiba anadondoka, anajivua ngozi huko chini kwenye nyasi halafu anapanda ncha ya jani anasubiri, hata miezi anasubiri na njaa yake. Kile kitoto kilichotoka kwenye yai hakina kosa, ugonjwa hakirithi kwa mama yake, ila kikinyonya ng'ombe mwenye vimelea (hata aliyepona zamani na anadunda tu) basi mlo unaofuata ndo kinamwachia mwingine.

Afadhali yetu ni moja, akijibandika leo hatemi vimelea leo leo, vinakomaa kwanza kwenye mate yake siku tatu nne hivi. Kwa hiyo kila jioni ukimaliza kukamua tia vidole ndani ya masikio, ukigusa kitu kama punje ya mtama, ng'oa. Wale wadogo wako kama ufuta, hao wanatuponyoka wote, ndo maana dawa ya kuogesha haikwepeki, na pampu ifike ndani ya masikio na chini ya mkia, sio mgongoni tu kama wengi tunavyofanya.

OTC hapana mama. Hiyo ni ya ndigana baridi, ugonjwa mwingine kabisa. Kwa huyu wako inatakiwa buparvakwoni, na mapema, akishaanza kutoa povu puani ujue mapafu yameshajaa maji. Bei yake inauma najua. Nahisi jirani aliiona OTC siku ya chanjo: chanjo ya ndigana kali ni vimelea hai, kwa hiyo wanapiga na OTC ya muda mrefu hapo hapo ili ugonjwa usilipuke, naye akaondoka na nusu ya habari. Chanjo inapigwa kwa mnyama mzima wa afya, huyu mtibu kwanza.

Na wewe wa Mafinga uliyeuliza kama ndigana kali inaambukiza watu kwenye maziwa, haiambukizi, ila ng'ombe akiwa kwenye sindano maziwa usinywe wala usiuze mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe.