Kizunguzungu kisichoisha, na dawa inayokichelewesha kuisha

Swali: Daktari, nina miaka 46. Miezi tisa iliyopita niliamka chumba kizima kinazunguka, nikatapika, na kwa siku tatu sikuweza kusimama. Kuzunguka kuliisha, lakini tangu hapo najihisi kama niko ndani ya mashua. Nikilala sina shida. Nikisimama, au nikiingia penye watu wengi au kwenye duka lenye rafu ndefu, hali inazidi. Presha, damu, sukari na MRI ya kichwa vyote vizuri. Natumia sinarizini, dawa ya kizunguzungu, mara tatu kwa siku tangu mwanzo. Kuna mtu anasema tatizo ni pingili za shingo na yuko tayari kuzinyoosha. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, dada. Maswali kama lako hunifikia kila mara, na karibu yote yana maneno yale yale: "natumia sinarizini tangu mwanzo." Acha nianzie hapo, maana hapo ndipo watu wengi wanapokwama.

Kwa maelezo yako, kilichokupata siku ile kinafanana sana na kuvimba kwa neva ya mizani, ile inayopeleka taarifa kutoka sikio la ndani hadi kwenye ubongo. Upande mmoja ukinyamaza ghafla, ubongo hubaki na taarifa za upande wa pili peke yake, nao huzisoma kana kwamba mwili unazunguka. Kwa siku mbili tatu za kutapika, dawa ya kutuliza ina kazi yake. Baada ya hapo ubongo huanza kujipanga upya, na hujifunza kwa kukosea: unageuza kichwa, unachokitazama kinacheza machoni, nao unarekebisha. Sinarizini hufifisha taarifa hizo hizo unazozihitaji. Ukiimeza miezi tisa, unauzuia ubongo kumaliza kazi uliyoianza.

Kuna ubaya mwingine ambao hauelezwi dukani. Nimeona wazee wakiletwa mikono inatetemeka na miguu inaburuzika, familia imeshakubali kwamba ni ugonjwa wa Parkinson, kumbe ni dawa ya kizunguzungu ambayo hakuna aliyekumbuka kuwaachisha. Kwa hiyo zungumza na daktari wako muipunguze hadi uiache.

Hali uliyonayo sasa inatambulika kitabibu, na kwa kifupi cha Kiingereza huitwa PPPD. Mwaka 2017 wataalamu wa jumuiya ya kimataifa ya Bárány, inayoshughulikia kizunguzungu na mizani, waliafikiana vigezo vyake: kuyumba au kizunguzungu siku nyingi kwa miezi mitatu au zaidi, kunakozidi ukisimama, ukitembea, au ukitazama vitu vingi vinavyosogea. Mara nyingi huanza baada ya shambulio kama lako. Sikio linaweza kuwa limeshapona, lakini ubongo umebaki kwenye tahadhari, ukitegemea macho kupita kiasi. MRI haiwezi kuonyesha hilo, kwa sababu huonyesha umbo, na hapa kilichoharibika ni utendaji. Atakayekuambia "ni mawazo tu" naye amekosea. Hofu huichochea hali hii, lakini hukuibuni.

Hukutaja kama kuna daktari aliyekulaza chali ghafla huku kichwa kimegeuzwa upande mmoja, akakutazama macho. Kipimo hicho, Dix-Hallpike, huchukua dakika chache na hakihitaji mashine. Hugundua fuwele za sikio zilizohama mahali pake, ambazo hurudishwa kwa kugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, bila kidonge. Kwako sidhani ndizo, kwa kuwa ukilala unatulia, lakini kipimo kifanyike. Presha nayo ipimwe umelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Ile ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hilo ni tatizo jingine.

Tiba yako kubwa ni mwendo. Bandika herufi moja ukutani usawa wa macho. Geuza kichwa kulia na kushoto bila kuiondolea macho, kwa kasi ambayo bado unaisoma vizuri, kwa dakika moja, mara kadhaa kwa siku. Tembea kila siku, na punguza kidogo kidogo kushikilia kuta. Wiki za mwanzo utajisikia vibaya zaidi, na hapo ndipo wengi hukimbilia tena vidonge. Usikimbie. Mtaalamu wa fiziotherapia anayejua mazoezi ya mizani akusimamie. Wengine husaidiwa pia na dawa ya sonona na wasiwasi kama sertralini, au tiba ya mazungumzo.

Huyo wa shingo mkatae. Kunyoosha shingo kwa nguvu kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo, na mtu akapata kiharusi. Wapo pia wanaomimina mafuta sikioni na wanaouza dawa za "kusafisha damu". Huwafanyia vivyo hivyo wote wanaolalamika kizunguzungu, bila kuuliza kilianza lini wala kinachochewa na nini, na kwa njia hiyo huwachelewesha hata wenye kiharusi. Kizunguzungu cha ghafla chenye ulimi mzito, uso kupinda, kuona vitu viwili viwili, au kushindwa kabisa kusimama, kiende hospitali papo hapo: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Na sikio moja likiacha kusikia ghafla, mwone daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, hufaa zaidi zikianzwa mapema.